Uso Niliokatazwa Kuutazama

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na mimba, na nyumba nzima ilikuwa imeniwekea sheria. Nisibebe ndoo. Nisile mayai. Nisikae mlangoni watu wakanipita nyuma. Nisigombane na mtu, sheria iliyonishinda tangu siku ya kwanza, maana hasira zangu ni za mkaa mkavu, hazingoji kupulizwa. Lakini nyingine zote nilizifuata. Mimba iliyotangulia ilikuwa imetoka katika mwezi wa tano, na mtu aliyekwisha kuzika matumaini ya namna ile haulizi sana sababu za sheria.

Tulikaa Bunia, upande wa Mudzipela, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye mabati mapya. Mume wangu alikuwa mchuuzi, mtu wa Butembo kama mimi, aliyepeleka maharagwe Ariwara na kurudi na sabuni na vitenge. Mama yake alikaa nasi. Na yule kitinda mimba wa mama, dada yake mume wangu, msichana wa miaka kumi na mitano aliyesoma sekondari, alikaa nasi pia. Huyo ndiye wifi yangu, na habari hii ni yake.

Wifi na wifi wana ruhusa ya kutaniana, na sisi tuliitumia ruhusa ile mpaka ikachakaa. Yeye alisema nimeolewa kwa sababu kaka yake alikuwa na njaa siku ile. Mimi nilisema atakayemwoa yeye atalipa mbuzi wote wa Irumu kisha atawadai warudi. Alikuwa na kicheko kipana sana. Shuleni, asubuhi, walipokuwa wakiimbishwa zile nyimbo za kukisifu Chama kilichotawala kabla ya masomo, walimweka mstari wa mbele kwa sababu ya kicheko kile, hata kama nyimbo zenyewe hazikuchekesha mtu.

Likizo moja alimsindikiza kaka yake Ariwara. Walirudi juu ya lori, wameketi kwenye mizigo, na upepo wa vile vilima vya Djugu uliwapiga njia nzima. Siku chache baadaye tulikuwa mezani asubuhi, sisi wanawake watatu, tunakunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Chai ikamtoka pembeni mwa mdomo ikamchuruzikia kwenye blauzi. Akacheka, akidhani ni ajali ya kawaida. Nami nikacheka, nikamwambia aanze kutafuta bibi wa kumlisha. Akanywa tena. Chai ikatoka tena.

Ndipo nikauona uso wake. Upande wa kushoto ulikuwa unacheka, na upande wa kulia ulikuwa umekaa tu, kama mtu asiyejua lugha inayosemwa. Shavu lilikuwa limelegea. Jicho la kulia lilinitazama bila kupepesa.

"Funga macho," nilimwambia.

Akafunga. Moja likafunga. Lingine likageuza mboni juu likabaki weupe.

Nataka mjue jambo la kwanza alilofanya mama mkwe wangu, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Hakumshika binti yake. Aliinuka akavua kitenge chake cha juu akanifunika mimi uso, kichwa kizima, akanivuta kutoka mezani na kuniingiza chumbani. Ndani ya kitenge kile nilisikia msichana akiuliza, kwa sauti yenye mawimbi, "Mama, kuna nini? Mama, kuna nini ku uso yangu?" Hakuna aliyemjibu.

Kwetu, na kwa wengi niliowakuta Bunia, mwanamke mwenye mimba hamtazami mtu aliyeharibika umbo. Ukimtazama, mtoto anachukua. Ukimcheka, ndiyo kabisa. Nilikuwa nimemtazama, na nilikuwa nimemcheka. Nilikaa kitandani na kitenge kichwani, mikono tumboni. Sikumfikiria wifi yangu hata kidogo saa ile. Nilimfikiria aliye ndani.

Mume wangu alimpeleka dada yake hospitali. Aliporudi alinieleza daktari alivyosema: mshipa unaoendesha uso umevimba, na ukivimba hauwezi kufanya kazi yake. Hakuna aliyejua kwa hakika unavimba kwa nini. Kwa wengi hupungua wenyewe, baada ya majuma au miezi, na kwa wachache hubaki kidogo. Alimpa vidonge vya kunywa na tyubu ya dawa ya jicho. La hatari lilikuwa jicho, kwa sababu halifungi, na jicho lisilofunga hukauka, huingia vumbi, na linaweza kupotea. Litiwe dawa mara kwa mara, lifungwe vizuri wakati wa kulala.

"Mama atafanya hiyo," mume wangu aliniambia. "Weye usiende karibu. Munganga hajui mambo yetu."

Nilisema sawa. Siku mbili baadaye maharagwe yalikuwa yakimngoja, akaondoka.

Basi tukaanza kuishi maisha ya ajabu. Nyumba ina vyumba vitatu na jiko la nje, na ndani yake watu wawili hawatakiwi kuonana. Msichana alikula jikoni. Mimi nilikula ndani. Mama mkwe alitembea kati yetu na sahani. Nikitaka kwenda uani nilipaza sauti kwanza. Lakini mara nyingi sikuwa na haja ya kupaza sauti, kwa sababu yeye mwenyewe alishika kazi ile. Kila alipotaka kupita mahali nilipo, alikohoa. Alikohoa mara moja, kwa adabu, kisha alingoja kidogo nipate nafasi ya kugeuka ukutani, ndipo akapita na kanga kichwani. Msichana yule aliyekuwa akiniita mpishi wa majivu sasa alikohoa kama mzee anayepita msibani.

Majirani walikuja na maelezo yao. Mmoja alisema ni upepo wa lori. Mwingine alisema amepigwa kofi na pepo, na kwamba kofi la pepo halipigwi bure. Wa tatu aliuliza Ariwara walilala kwa nani, akaliacha swali lile likae. Watu wa kanisa walikuja kuomba, na nawashukuru, lakini walipoomba walifumba macho, kwa hiyo hata wao hawakumwona. Shule ilipofunguliwa alikataa kwenda. Hakulia, hakubisha. Aliondoa tu daftari zake mezani akaziweka juu ya kabati.

Mama mkwe hakuwa mwanamke mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu najua ninavyosimulia mambo nikikasirika. Alikuwa amezaa wanane na kuzika watano. Alimpenda binti yule wa mwisho kupita kiasi, na alimwogopea mjukuu aliyekuwa bado hajaja. Hofu mbili zilikuwa zimemshika mkono huku na huku, na kila moja ilivuta upande wake. Nilimwona anavyompa binti yake sahani: alimtazama mabegani. Alimtengeneza kola, alimpangusa vumbi mgongoni, alimwita majina ya utotoni, na macho yake hayakupanda juu ya kola ile. Nilidhani ni huzuni. Nami nilikuwa nani wa kumsema, nikigeukia ukuta mara kumi kwa siku?

Mchana mmoja mama mkwe alikwenda sokoni kutafuta samaki wa Kasenyi. Jua lilikuwa kali, mabati yalikuwa yanalia. Nilikwenda chumba cha nyuma kuchukua shuka, nikijua kwamba msichana yuko jikoni. Hakuwa jikoni. Alikuwa amelala pale chini kwenye mkeka, chali, mdomo umepinda, na jicho la kulia liko wazi. Lilikuwa jekundu kama nyama. Kitambaa alichojifunga kilikuwa kimeteleza mpaka shingoni. Na penye kona ya jicho lile ametua nzi, anakunywa.

Hakuwa na kope ya kumfukuzia.

Nilimfukuza mimi. Nilipiga magoti, na kwa tumbo lile si kazi ndogo, nikapunga mkono mpaka akaruka. Kisha nilibaki pale pale nikimtazama. Nilimtazama usoni kote, upande unaofanya kazi na ule uliolala, mkunjo uliopotea kwenye paji, ute kwenye pembe ya mdomo. Niliona aibu iliyonichoma kuliko jua. Watu wa nyumba nzima tulikuwa tumekazana kumlinda asiyezaliwa, na huyu aliyezaliwa zamani tulikuwa tumemwachia nzi.

Aliamka. Aliponiona akajifunika uso kwa mikono yote miwili akageukia ukuta.

"Yaya, toka," alisema, akiniita dada mkubwa kama alivyozoea. Midomo haikukutana vizuri, kwa hiyo maneno yalitoka yamelowa. "Yaya, mutoto."

"Mutoto ni yangu. Dawa iko wapi?"

"Yaya, mi nakuomba."

"Dawa iko wapi?"

Alinyoosha kidole bila kugeuka. Tyubu ilikuwa dirishani, imejaa karibu vile vile ilivyotoka hospitali.

"Mama hakutiaka?" nilimuuliza.

"Anatiaka. Lakini akianza anafunga macho yake, analia, na dawa inaenda ku shavu. Nikamwambia aache, nitajitilia."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama mkwe, nikamkasirikia mume wangu na maharagwe yake, nikajikasirikia mimi zaidi ya wote. Nilimgeuza kwa nguvu kidogo, kama anavyogeuzwa mtoto asiyetaka kuogeshwa, nikamlaza kichwa kwenye paja langu, maana tumboni hapakuwa na nafasi. Nilimtia dawa. Nilishusha kope kwa kidole, polepole, nikaishikilia, nikaiachia, nikaishusha tena. Alikuwa amefumba jicho lake zima kwa nguvu ili asinione namwona. Machozi yalitoka kwa macho yote mawili.

"Uko nakula namna gani sasa?" nilimuuliza, nikitafuta la kusema.

"Upande moja."

"Basi chakula itabaki. Kaka yako atafurahi."

Kile kicheko kikatoka, nusu, kimepinda, kibaya, na mimi nikakitazama mpaka mwisho wake. Nilipokuwa nakitazama sikuwa jasiri, sitadanganya. Niliogopa. Sikuacha kuamini siku ile, na mtu akisema imani ya utotoni hutoka kwa siku moja, huyo hakulelewa na nyanya yake. Niliamini na nikatazama.

Kuanzia hapo nilimtibu kila siku kwa siri. Mama mkwe akienda sokoni au kwenye maombi, tulikaa nyuma ya jiko na kioo kidogo cha mume wangu cha kunyolea. Dawa ya jicho kwanza. Kisha kitambaa cha maji ya moto shavuni. Kisha mazoezi, ambayo daktari alikuwa ameyataja kwa maneno mawili na sisi tukayaongezea yetu. Nilimfanya aseme maneno yanayohitaji midomo: baba, mapapai, Butembo, bibi mpumbavu. Hilo la mwisho alilichagua yeye, akinitazama. Na kila siku nilimpa kazi ya kupuliza babula, lile jiko letu la makaa. Hakuweza. Pumzi yote ilitorokea upande wa kulia ikampiga sikio. Majivu yaliruka, moto haukujua kama umeitwa. Tulicheka mpaka nikashika tumbo, kisha nikakumbuka ninacheka nini, nikaogopa upya.

Jioni, kabla hajalala, nilimfunga jicho kwa pamba na sparadra, ile plasta ya hospitali. Wekundu ulipungua. Ukaisha.

Mama mkwe alitukuta. Ilikuwa lazima, mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tunaficha tiba. Alirudi mapema kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, akatukuta uso kwa uso, mimi nimemshika mashavu binti yake kwa mikono miwili. Kikapu kikamponyoka.

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigogo cha kupasulia kuni.

"Ile ya kwanza ilitoka," alinambia. "Mi ndiye nilikuosha. Umesahau?"

"Sijasahau, Mama."

"Na hii ikitoka na kilema, utamwambia mutoto yangu, bwana yako, nini?"

"Nitamwambia jicho ya dada yake haikupotea."

"Weye uko na kiburi."

"Ndiyo, Mama. Lakini niko na mikono pia."

Jibu lile halikuwa la mkwe kwa mama mkwe, na lilinigharimu. Alikaa muda mrefu bila kusema nami ila yale ya lazima. Alinipikia, alinichotea maji ya kuoga, alifanya kila kitu anachofanyiwa mwanamke mwenye mimba, bila neno. Mume wangu aliporudi alisikia upande wa mama yake, akasikia upande wangu, kisha akapanda juu ya nyumba kutengeneza bati lililokuwa halivuji. Alikaa kule mpaka jioni. Wanaume wa kwetu wana hekima yao.

Asubuhi moja msichana alikuja mbio kutoka uani, bila kukohoa, bila kanga. Aliniambia nitazame pembe ya mdomo. Nilitazama. Sikuona kitu. Akajikaza, uso mzima ukawa mwekundu, na pale pembeni kitu kikatikisika kidogo, kama ngozi ya ng'ombe inapoguswa na nzi. Nilimwambia arudie. Akarudia. Sijawahi kufurahia kitu kidogo namna ile. Tuliita siku nzima ile kazi yake "ng'ombe": ng'ombe ametikisika, ng'ombe amelala, ng'ombe amechoka leo.

Baada ya hapo uso ulirudi taratibu, kipande kwa kipande, na siyo kwa mpango niliotarajia. Paji lilitangulia. Kope ikaanza kushuka nusu, kisha robo tatu. Babula likawaka siku moja kwa pumzi yake, likampiga cheche kwenye nyusi, akalitukana. Mdomo ndio uliochelewa kuliko vyote.

Nilimtoa nje kabla mdomo haujarudi. Nilimwambia anisindikize sokoni kununua sombe, yale majani ya mihogo, na asijifunike. Alisema watu watatazama. Nilimwambia watatazama kweli, ndiyo kazi ya macho. Tulipita katikati ya soko, tumbo langu mbele na uso wake ubavuni. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese alinivuta pembeni kwa nia njema.

"Mama, na ile tumbo, uko natembea na huyu? Haukuogopa?"

"Naogopa," nilimjibu. "Unipimie mafuta."

Alipima, na akaongeza kidogo bure, sijui kwa huruma ya nani. Wifi yangu alikuwa amesikia yote. Njiani hakusema kitu. Nilidhani ni aibu, nikamtania, hakujibu.

Sikuelewa mpaka baadaye. Alirudi shule, na huko walimcheka siku za mwanzo, kisha wakachoka, maana watoto huchoka haraka na jambo lisilofichwa. Uso ulizidi kupona. Lakini kadiri uso ulivyopona na tumbo langu lilivyokua, yeye alianza kunikwepa. Alirudi kula jikoni. Alifunga kanga kichwani tena, akidai ni vumbi. Alijitia dawa mwenyewe, akijifungia chumbani na kile kioo. Nilimuuliza nimemkosea nini. Alisema hakuna. Nilimshika mkono nikauliza tena kwa ukali, na akasema akitazama miguu yake:

"Yaya, kama mutoto anakuja vile nilikuwa, ni mi nilimuharibu. Ulinitengeneza na uso yake."

Nilijaribu kumjibu. Nilisema upuuzi, nilisema daktari, nilisema Mungu. Mtu hawezi kumwondolea mwingine hofu ambayo yeye mwenyewe analala nayo, na yeye alinijua mno. Aliona kwamba ninasema na mikono yangu iko tumboni.

Nilijifungua mwanzo wa kiangazi, mtoto wa kiume, kwa shida kidogo. Kitu cha kwanza nilichotazama ni mdomo. Alikuwa analia, na analia kwa mdomo wote, umenyooka, mpana. Nililia mimi pia. Wanawake wa kanisa walikuja kunitazama na uji na kuku, jirani zangu wakaja wakiimba, mume wangu alikuja na tabasamu la mtu aliyeshinda vita asivyopigana. Wifi yangu hakuja. Alipika, alituma chakula, alifua nguo zangu zote za damu. Hospitalini hakuonekana.

Niliporudi nyumbani nilimwita. Nilimwita kwa jina lake, kisha kwa majina ya utani, kisha kwa matusi. Akaja mpaka mlangoni.

"Mudomo yake?" aliuliza.

"Njoo ujionee. Mi sina kazi ya kukusimulia mutoto."

Akaingia. Alinawa mikono mara mbili. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani, pembeni ya kitanda, akichambua mchele. Nilimpa mtoto, amelala, amefungwa vizuri, na yeye akampokea kama mtu anayepokea bakuli lililojaa pomoni. Akainama. Nilikuwa namtazama yeye, sikuwa namtazama mtoto, kwa hiyo niliona tu namna uso wake ulivyobadilika. Ulibadilika wote, pande zote mbili sawa.

Mtoto alikuwa amelala na jicho moja halijafunga. Ufa mwembamba wa weupe ulionekana chini ya kope. Jicho la kulia.

Alinirudishia mtoto polepole sana. Akatoka. Nikasikia mlango wa uani, kisha miguu inayokimbia kuelekea nyuma ya jiko, na baada ya hapo sikusikia kitu.

Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijaanguka na mimi sikuruhusiwa kuvuka kizingiti. Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa amesimama, ameinama juu ya mtoto, mchele umemwagika mkekani. Nilingoja aniambie. Nilikuwa na jibu la hasira tayari mdomoni, jibu baya, ambalo nashukuru halikupata nafasi.

Alimtazama mtoto kwa muda. Kisha akaketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba yake alilalaka vile," alisema.

"Nani?"

"Bwana yako. Ile jicho, na ingine pia. Mpaka alianza kutembea. Mama mkwe yangu alisema ni juu ya vile niliangaliaka kipofu mumoja mu njia, niko na tumbo. Nikamufunika mutoto kitambaa, watu wasimuone. Nikalia mwaka muzima." Aligusa kope ya mjukuu wake kwa ncha ya kidole, ikashuka, ikafunga, ikakaa. "Na anaona muzuri kuliko siye wote. Mi nilijua hiyo. Uoga ilinisahaulisha."

Aliinuka akatoka bila viatu.

Dirisha langu lilitazama uani. Sikuweza kuwaona, jiko liliwaficha, lakini niliwasikia. Nilimsikia akimweleza binti yake habari ile ile, ya kaka yake na kitambaa na kipofu, na alipomaliza akaieleza tena tangu mwanzo, kama vile mara ya kwanza haikutosha. Msichana alikuwa analia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ile ya chai wala siku yoyote baada yake. Nilisikia mama akimbembeleza kwa yale majina ya utotoni. Kilio kikapungua.

"Niangalie," alisema mama mkwe wangu. "Inua kichwa, niangalie."

Mtoto wangu alipiga miayo mkononi mwangu.

"Lakini hii mudomo yako," nilimsikia akisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "ilirudi lini?"

"Kitambo, Mama," binti yake alimjibu. "Ni kitambo."